Epo la Ryuk, nywele za Goku na ugomvi wenu wa mwezi huu

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu, tena kwa haraka maana mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kwamba nusu ya mafumbo ambayo mashabiki wanayaona kwenye anime, hizi katuni za Kijapani, hayamo, wameyaweka wenyewe. Banange, mmenipiga! Simu ya gazeti imejaa meseji, kuna mmoja kaniita mzee wa Tom and Jerry, kuna mwingine kaandika kurasa nne kwa mkono, kalamu ya bluu, pembeni amechora macho ya Uchiha, ule ukoo wa kwenye Naruto, na kusema kweli hayo macho ameyachora vizuri kuliko hoja zake. Basi leo sihubiri, najibu. Nimechagua barua sita, majina nimeficha kama kawaida, na Kiswahili chenu nimekiacha kilivyokuja, kiwe cha Kisenyi, cha mpakani au cha kambini, chote chetu.

Kaka habari. Mimi na rumeti wangu hatuongei siku ya tatu sa hii sababu ya Death Note. Yeye mlokole, anasema lile epo analokula Ryuk ni tunda la Edeni, na pale L anapompangusa Light miguu ni Yesu na Yuda, kila kitu kimepangwa. Mi nasema epo ni epo. Nimesoma manga yote, kile kitabu chenyewe cha katuni, na hiyo ya miguu hata haimo. Amua, aliyekosea ananunua rolex mbili, chapati za kukunjiwa mayai, za mayai mawili mawili.
*Mwanafunzi wa hosteli, Kikoni, Kampala*

Mdogo wangu, mngejua mko wote wawili sahihi mngeshakula hizo rolex zamani.

Kwa asiyeijua, Death Note ni hadithi ya kijana Light aliyeokota daftari, ukiandika jina la mtu humo anakufa, Ryuk ni mungu wa kifo mwenye daftari lake, na L ni mpelelezi anayemsaka Light. Tuanze na epo. Mwandishi wa hadithi, Tsugumi Ohba, aliulizwa hilo swali na hakuzunguka, alisema rangi nyekundu inapendeza na mwili mweusi wa Ryuk. Basi. Hakuna Edeni hapo. Na ukumbuke manga yenyewe ni nyeusi na nyeupe, huo wekundu utauona kwenye jalada na kurasa chache za rangi, yani mtu aliwaza rangi ya tunda ambalo msomaji atalisoma likiwa jeusi, mi hilo linanichekesha mpaka leo. Hapo rumeti wako kaanguka.

Lakini usishangilie bado. Manga iliisha 2006, na mwaka huohuo studio ya Madhouse wakatoa anime, muongozaji Tetsuro Araki, na hao walikuwa na mambo yao. Angalia wimbo wa mwanzo, ule wa kwanza: Light ananyoosha mkono kupokea epo kutoka kwa Ryuk, na posi ni ileile ya Mungu na Adamu kwenye ile dari ya kanisa aliyoichora Michelangelo kule Vatikani. Hiyo haitokei kwa bahati, mtu hachori vidole vile akiwa anawaza chakula cha mchana. Alafu episodi ya 25, mvua, kengele anazozisikia L, Light kakaa kwenye ngazi na L anampangusa miguu, na kabla episodi haijaisha L amekufa. Hiyo sehemu kwenye manga haimo, umesema kweli, wameiongeza wa anime. Na mtu aliyekaa kanisani hata Jumapili mbili anaijua Yohana 13, aliyeoshwa miguu kati ya wale ni pamoja na yule atakayemsaliti mwenzake usiku uleule. Hapo rumeti wako kasimama tena.

Kwa hiyo mnagombana kuhusu vitu viwili mkidhani ni kimoja. Wewe unaongelea kitabu cha Ohba na mchoraji wake Takeshi Obata, yeye anaongelea kazi ya Araki.

Sasa la kwangu. Kosa mnalofanya wote ni kuuliza epo linamaanisha nini. Uliza linafanya kazi gani. Ryuk asipopata epo anajikunja, anasimama kichwa chini, kama mlevi aliyefungiwa baa. Kuna pale L anapoweka kamera 64 nyumbani kwa kina Light, na Ryuk akitaka kula epo bila kuonekana linaelea hewani inabidi aanze kutafuta kamera zote ziko wapi, ndio Light anajua upofu wa kila moja. Toa epo pale, Light hana mtu wa kumtafutia, hadithi inakufa mapema. Hilo epo linafanya kibarua! Hata kama halina Edeni ndani yake, ni epo la maana kuliko maua na misalaba ya katuni nyingi nnazozijua.

Ile ya miguu, mi inanichosha kidogo, nisiwafiche. Mvua, kengele, miguu, vyote kwa mpigo, kama arusi yenye MC watatu. Lakini kuna kitu kimoja kizuri ndani yake, kwamba Light ndiye anayejiona mungu humo ndani, na wamempa kiti cha Yuda. Mkanunue rolex moja moja, kila mtu na hela yake.

Ndugu mwandishi, salaam aleikum. Mdogo wangu anasema nywele za Goku kuwa dhahabu ni nuru ya roho iliyotakaswa, amesoma mahali. Mi naona ni style tu. Kuna ukweli?
*Fundi simu, Bombo*

Waaleikum salaam. Mkalishe mdogo wako kwanza, mpe maji.

Akira Toriyama, aliyechora Dragon Ball, hadithi ya huyo Goku, Mungu amrehemu, alifariki Machi 2024, alishaeleza mwenyewe: msaidizi wake alikuwa anapoteza muda mwingi kuzijaza wino zile nywele nyeusi za Goku, kila ukurasa, kila wiki. Goku akigeuka Super Saiyan, yani akipandisha nguvu, nywele zake zinabaki nyeupe kwenye karatasi, wino hakuna, jioni mnalala mapema. Walivyoipeleka kwenye runinga ndio zikawa za njano. Nuru ya roho ni nuru ya msaidizi kwenda nyumbani.

Ila usimcheke sana, kwa sababu sehemu ishara ilikotoka si lazima iwe ndiko inakoenda. Chukua miziro ya Buganda, wale wanyama na wadudu ambao koo zinaitwa kwa majina yao. Mtu wa ukoo wa Nsenene, Novemba ikifika mji mzima unatafuna senene, kila kona kuna kikaango na harufu, yeye anameza mate tu na kuangalia pembeni. Na akikutana na binti mzuri wakaanza kuulizana makwao, akasikia naye ni Nsenene, mambo yameisha hapo hapo, huyo ni dada yake. Huyo mdudu hajachorwa kwenye fulana, huyo anakukataza kula na anakukataza kuoa. Ndio ishara ninayoielewa mimi, inayomzuia mtu kitu au kumlazimisha kitu.

Nywele za Goku zilikuwa hivo mwanzoni. Adui Frieza amemuua Krillin, rafiki yake, Goku tuliyemzoea wa kucheka cheka na kula hovyo ameondoka, nywele zikisimama ujue hakuna tena kusameheana kirahisi. Zilikuwa na bei. Alafu ikaja ile mtoto wake Goten anageuka Super Saiyan kama anavaa soksi, hata baba mtu anashangaa, na baada ya hapo rangi juu ya rangi, mpaka bluu. Pale ndio zikawa style, fundi, na hapo ndipo mimi na wewe tunapokubaliana.

Mzee wangu mimi ni boda niko Busia. Kwa tanki nimebandika stika ya fuvu na kofia ya majani, ile ya One Piece. Kuna mzee stegini amekataa kupanda pikipiki yangu kabisa anasema hiyo ni Iluminati, fuvu ni kifo, sasa abiria wengine wameanza kumsikia. Nitoe? Stika ilikuwa elfu tano.
*Boda wa Busia*

Kijana wangu, usitoe, lakini na mzee usimdharau. Yeye amesoma ishara jinsi alivyofundishwa na dunia. Chupa ya sumu ya panya ina fuvu. Transfoma ya umeme ina fuvu. Miaka yote fuvu limemwambia usiguse, leo analiona kwenye tanki unamwambia panda!

Mpigie hadithi ya Chopper, iko ndani ya hiyohiyo One Piece, hadithi ya maharamia, na mi naona ndio somo zuri kuliko yote kuhusu ubishi wenu wa mafumbo. Kuna daktari mmoja kichwa maji anaitwa Hiluluk, kwenye nchi ya theluji tupu, anapeperusha bendera ya fuvu juu ya nyumba yake, na anamwambia Chopper, yule mnyama mdogo wa pembe aliyemuokota, kwamba bendera hii ni alama ya mtu asiyekubali kushindwa, anayeamini hakuna ugonjwa usiotibika. Chopper akalishika hilo moyoni. Daktari akaugua, ugonjwa wa kufa. Chopper akafungua kitabu cha dawa akaona picha ya uyoga, na pembeni ya uyoga kuna fuvu. Akafurahi! Fuvu si ndio tiba? Akaenda kuutafuta porini kwenye baridi, akapigwa, akaumia, akarudi anatambaa na uyoga wake, akampikia supu. Hiluluk akaujua uyoga ule ni sumu, na akainywa supu yote na kusema imemsaidia, kwa sababu angemwambiaje mtoto aliyerudi anavuja damu vile. Nilitazama hiyo nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, mtu mzima na familia, nikatoka nje kujifanya naangalia kama mvua inakuja.

Unaona sasa. Fuvu la bendera, fuvu la kitabu, mchoro ni mmoja, maana ni mbili, na katikati yao kuna mtu amekunywa sumu. Eiichiro Oda hakukaa pembeni kukwambia fuvu linamaanisha hivi, ameijenga hadithi nzima juu ya mtu kulisoma vibaya.

Na hiyo yako ya kofia imeshatembea mbali kuliko Busia. Oda ameanza kuichora 1997, na mwaka 2025 vijana wameibeba barabarani kwenye maandamano, Indonesia mwezi wa nane, Nepal mwezi wa tisa, na kule Madagaska wakaivua ile kofia ya majani wakaivalisha fuvu kofia yao ya kienyeji, satroka. Hilo la Madagaska ndio limenifurahisha, wameichukua na kuifanya ya kwao badala ya kuibandika tu. Mimi sikutumi barabarani, niko kwenye katuni hapa. Lakini akija mzee mwambie kofia ile ni ya kupokezana, haramia Roger kampa haramia Shanks, Shanks akamvalisha mtoto Luffy, ndiye shujaa mwenyewe, akamwambia atairudisha akiwa mtu mkubwa. Mtu aliyebeba kofia ya amana hawezi kumtupa abiria kwenye mtaro. Au mpunguzie mia tano, nayo inasaidia.

Nyabo au ssebo sijui, mimi mama wa watoto wawili. Mwanangu ana miaka 11 anaangalia hizi katuni za Kijapani, mtu anamuona msichana mzuri damu inaruka puani kama bomba limepasuka. Ni ugonjwa gani? Ni uchawi?
*Mama Wawili, Jinja*

Ni ssebo, mama, mi mwanamume. Si uchawi wala ugonjwa, na si fumbo pia, ni lugha tu ya wachoraji wao, kwamba mwanamume amepandwa na tamaa damu imemchemka. Wanazo nyingi: tone kubwa la jasho kichwani ni aibu, mishipa iliyosimama kwenye paji ni hasira, puto la kamasi linalotoka na kuingia ni usingizi. Ukishazijua unazipita tu kama alama za barabarani. Ila hiyo ya damu puani ikiwa kila dakika tano, hiyo katuni si ya mtoto wa miaka 11, kaa naye episodi mbili uone mwenyewe. Katuni maana yake watoto ni hesabu yetu sisi, Wajapani wanazitengeneza za kila umri, na nyingine hata mi nazima taa kwanza.

Wewe mwandishi unajifanya unajua, hebu tueleze hii. Naruto anapigana na Pain, pigano tulilolisubiri miaka, alafu sura zimeharibika kama ndala iliyowekwa karibu na jiko! Hela iliwaishia? Kwenye kibanda chetu watu walizomea. Na nyie ndio mnasema anime ni sanaa.
*Mshabiki wa Konoha, Arua*

Nilijua utakuja tu, kila mwaka unakuja, ukibadilisha jina na mji.

Hela haikuisha. Ile ni Naruto Shippuden, muendelezo wa katuni ya kijana ninja Naruto, episodi ya 167, akipigana na adui yake Pain, na aliyeiongoza ni Atsushi Wakabayashi. Huyo ndiye aliyeongoza episodi ya 133 ya Naruto ya zamani, Naruto na rafiki yake Sasuke wanapigana kwenye lile bonde la maporomoko, ile ambayo najua we umeiangalia mara kumi na ukatoa machozi. Na ya 30 pia, Sasuke na adui Orochimaru msituni. Mtu ni yuleyule, mkono uleule. Kwa hiyo ukisema huyu hajui kuchora, unajitukana.

Alichofanya ni hiki. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, lakini anime kwa kawaida hawachori zote 24, wanachora 12, au 8, kila mchoro unakaa picha mbili au tatu, ndio maana vitu vinaenda kwa kukatakata kidogo na sisi tumezoea tunaona sawa. Sasa ukitaka ngumi iwe nzito na ya kasi kwa michoro michache hivo, unaivuta. Mkono unarefuka, uso unapinda, mwili unakuwa kama unga wa chapati mtu anaponyoosha. Ukiuona ule mchoro peke yake ni kichekesho. Ukiuona ukipita kwa kasi yake, unausikia kwenye mbavu. Simama pale barabara ya Jinja piga picha boda anayepita mbio uone utapata nini, utapata moshi wenye kofia.

Na hapo ndipo simu zimetuharibu. Mi nimekulia vibanda vya vidio Kisenyi, benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kufa, na VJ anatuambia kwa Luganda nani stelingi na nani adui, saa zingine anaongeza ugomvi wa majirani zake mwenyewe humo ndani na tunauamini. Rimoti ilikuwa moja, ya mwenye kibanda, anaishika kama bastola. Hakuna mtu wa kusimamisha picha. Sasa nyie mnasimamisha, mnakata kipande kibaya kabisa cha sekunde moja, mnatumiana, mtu ambaye hajaiona hata hiyo episodi anacheka. Nyie mlizomea kwenye kibanda, sawa, lakini nina wasiwasi nusu yenu mlikuja mmeshaona hizo sura kwenye simu.

Haya, nami nikubali kitu. Pain anavyokimbia mdomo umeachama macho yametoka, hapo nilicheka, na sikutakiwa kucheka. Kijiji chao Konoha kimefutwa, Hinata, msichana anayempenda Naruto, ameanguka, Naruto ameshapoteza akili kwa hasira, huo si wakati wa kumfanya mtu acheke. Kwa hiyo kama ungeniandikia kwamba mchoro ni hodari ila umekaa mahali pasipo pake, ningekupa kiti. Umesema ni mbovu, hiyo hapana.

Ubovu upo, usidhani natetea kila kitu. Angalia Berserk ya 2016. Kentaro Miura, mwenye manga yake, aliyefariki 2021, alikuwa anachora vyuma na manyoya na giza mstari kwa mstari mpaka unajiuliza huyu analala saa ngapi, alafu wa anime wakaja na wanasesere wa kompyuta, wagumu, kamera inazunguka kama nzi, upanga mkubwa vile hauna uzito wowote. Pale hakuna mtu aliyevunja sura ili usikie kitu. Na ukitaka kinyume chake, One-Punch Man ilianza 2009 mtandaoni, mwandishi anajiita ONE, michoro yake ukimuonyesha mwalimu wa sanaa atakupigia simu mzazi wako aje shule. Watu wakaisoma hivohivo, kwa wingi, mpaka Yusuke Murata, mmoja wa wachoraji hodari kabisa Japani, akaomba kuichora upya. Hadithi ilikuwa imeshafanya kazi kabla ya mistari kunyooka.

Kwa hiyo Arua, tazama tena ile ya 167. Simu iweke mbali, mwambie mtu mwingine akae nayo.

Mwalimu, mimi ni msichana niko S5, nachora manga yangu. Shujaa wangu anavaa lubugo, nguo ya gome la mti, na ana mkuki, bibi yake ni mganga wa kijiji. Wenzangu darasani wanasema hiyo si anime, niweke kimono na maua ya sakura ndio iwe na maana ndani. Nimetuma kurasa tano. Niambie ukweli usinibembeleze.
*Mchoraji, Masaka*

Binti yangu, kurasa nimezipata, nimezibandika ukutani juu ya meza ya mhariri ili aache kusimama nyuma ya kiti changu.

Wenzako wameona kitu cha kweli wakakisoma kinyume. Ni kweli vitu vya Kijapani kwenye anime vimejaa maana. Nezuko kwenye Demon Slayer, kimono yake ina mchoro wa jani la hempu, mmea wa nyuzi wa jamii ya bangi, kule tangu zamani walikuwa wanawavalisha watoto wachanga mchoro huo ili wakue haraka na wenye nguvu kama mmea wenyewe na mabaya yawapitie mbali, na wewe unajua yaliyompata Nezuko usiku ule, aligeuzwa pepo. Lile feni kwenye mgongo wa Uchiha ni feni la mkono la karatasi, uchiwa, hata jina lao limetoka humo, kazi ya feni ni kupuliza moto na ukoo wenyewe ni wa watema moto. Kimono upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia, ukiona mtu amevalishwa kulia juu, huyo ni maiti, ndivyo wanavyowavisha wafu. Mjapani anaviona hivi bila kuambiwa, kwa sababu ameviona kwa bibi yake, sokoni, msibani.

Sasa wewe Masaka ukichora sakura, nani kati ya wasomaji wako ameona sakura ikipukutika? Utakuwa umechora ua la pinki.

Lubugo je? Kila mtu hapo amewahi kuuona msibani. Ndio marehemu wanavyozungushiwa. Na ndio kabaka anavalishwa siku ya kutawazwa. Kwa hiyo msomaji wako akifungua ukurasa wa kwanza akamkuta kijana mzima anatembea na lubugo mchana kweupe, ana swali kichwani kabla hujaandika neno hata moja: huyu anazikwa au anatawazwa? Manga ngapi za Kijapani zina ukurasa wa kwanza kama huo! Na we umeuacha hivihivi, ukurasa wa pili watu wanamsalimia kama kavaa shati. Haiwezekani. Lazima mtu ashtuke. Mwanamke wa sokoni ageuze uso, mtoto aulize akapigwa kofi la mdomo. Hapo ndio lubugo wako utaanza kufanya kazi, sa hii umening'inia tu kama pazia.

Alafu nenda kaangalie unavyotengenezwa kabla hujauchora tena, kwa sababu umeuchora kama kitambaa cha dukani. Ni gome la mti wa mutuba, linavuliwa zima, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, siku nzima mpaka linakuwa laini na rangi ile ya udongo mwekundu, kazi ya ukoo wa Ngonge tangu huko nyuma, na UNESCO waliitambua 2005. Na mti haufi. Wanaufunga kwa majani ya mgomba pale ulipochubuliwa, kama mgonjwa, na gome linaota tena, mwakani unavuliwa tena. Mti unaovuliwa ngozi, unauguzwa, unaota ngozi nyingine, na bibi wa shujaa wako ni mganga! Umekaa na hiyo dhahabu nyumbani alafu unaniuliza kuhusu sakura.

Hayo ndio ya maana, sasa ukweli uliouomba. Macho unachora vizuri. Miguu unaificha kwenye nyasi kila ukurasa, tumeona. Ukurasa wa nne mkuki kaushika kama mwiko wa kusonga posho, mtafute mtu mzima akuonyeshe mkono wa nyuma unakaa wapi. Ukurasa wa tano, pale bibi anaponyamaza tu vipande vitatu bila neno, usiguse kitu chochote, hata wakikuambia uongeze maandishi. Tuma zingine zikiwa tayari, na safari hii usizikunje mara nne, wino umemwingia bibi usoni.